Sonona Si Upungufu wa Imani
Katika baadhi ya makanisa ya Mwanza bado husemwa kwamba Mkristo mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, ameishiwa imani au ameingiliwa na pepo. Kauli hiyo huumiza, na Maandiko yenyewe hayaiungi mkono. Nabii Eliya, muda mfupi baada ya ushindi wake mlimani Karmeli, aliketi chini ya mretemu akamwomba Mungu aiondoe roho yake. Malaika hakumkemea, bali alimpa mkate na maji, naye akalala tena (1 Wafalme 19). Sonona ni ugonjwa unaotibika kwa ushauri nasaha na dawa. Bugando, hospitali ya Kanisa Katoliki iliyo kilimani jijini Mwanza, hutibu magonjwa ya akili, na anayepanda kilima kile kwenda kliniki haachi sala zake nyumbani.