Minor Threat: miaka mitatu tu, na ile X ya mkononi

Watu wakiniuliza punk ya Marekani, ile rock ya kasi na fujo, waanzie wapi, huwa siwapeleki New York, nawapeleka Washington, D.C. mwishoni mwa 1980, kwa vijana wanne wa Minor Threat: Ian MacKaye anaimba, Lyle Preslar gitaa, Brian Baker besi, Jeff Nelson dramu. Bendi waliyoihusudu ilikuwa Bad Brains, weusi wa hapohapo mjini, wale kwa spidi hakuna aliyewagusa.

Ila mambo yalianza kabla. Ian na Jeff walikuwa kwenye bendi ya Teen Idles, na ilipovunjika kulikuwa na akiba ya kama dola 600 za shoo. Wangeweza kugawana yakaisha, lakini wakatoa rekodi ya bendi ambayo tayari imekufa, kopi 1,000, na hivyo ndo leba yao ya kutoa rekodi, Dischord, ilivyozaliwa. Majalada walitengeneza wenyewe: walibandua jalada la singo nyingine kuona limekunjwaje, wakaprinti karatasi, wakakaa na mkasi na gundi.

Ile X nayo ni ya enzi hizo. Walipoenda San Francisco klabu ya Mabuhay Gardens iliwachora X mikononi ili kaunta wajue hawa umri bado, hawauziwi pombe, wakarudi D.C. wakaziomba klabu za kwao zifanye vilevile, maana bia hawakuitaka, walitaka tu kuingia wasikie muziki.

1981 Minor Threat wakarekodi kwa fundi sauti Don Zientara, studio ya Inner Ear, Arlington, Virginia. Wimbo wa "Straight Edge" una sekunde 46 tu. Sikiliza gitaa la Lyle, anabana nyuzi zote sita kwa spidi ile na bado kila kodi (chord) inasikika, mi hapo ndo huwa nachoka kabisa! Kwenye wimbo huo Ian alikuwa anajisemea yeye mwenyewe kwamba hanywi wala havuti, vijana wakaigeuza dini. Jeff hakupenda ionekane wanawaamrisha watu, wakabishana, ndo maana kwenye "Out of Step" ya 1983 Ian anasimama katikati ya wimbo na kusema hizi si sheria.

Baadaye wenzake walianza kuvutiwa na sauti za kina U2, bendi ya rock ya Ireland, Ian hataki. Shoo ya mwisho ikawa Septemba 23, 1983, jukwaa moja na Trouble Funk, wakali wa go-go, ile funk ya D.C. Singo ya "Salad Days" waliirekodi bendi ikiwa imeshavunjika, ikatoka 1985, ina kengele na gitaa la akustiki, na ukiisikia unaelewa kabisa kwamba hawa wasingeweza kuendelea pamoja.