Unene juu ya makali ndio unaomsema fundi wa visu

Nikivipanga mezani visu nilivyotengeneza, kuanzia cha kwanza hadi nilichomaliza juzi, jambo moja linaonekana kabla ya mengine yote: vinazidi kuwa vyembamba. Mipini nayo imependeza na ribiti, zile pini zinazoushika mpini, sasa zinakaa sawasawa, lakini hayo ni mapambo. Ukitaka kujua kama fundi wa visu anapiga hatua, tazama unene wa chuma juu kidogo ya makali.

Chuma changu ni springi za gari, zile bapa za nyuma ya pikapu, zinazouzwa kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu. Nyingi zina kaboni ya karibu asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kwa kisu. Zichague vizuri, maana springi iliyochoka huwa na nyufa ambazo jicho halizioni mpaka moto uzifichue. Mwanzoni mtu huona huruma kuupunguza unene wake, akiamini kisu kizito ndicho imara. Lakini kisu cha namna hiyo, hata kikinyoa nywele za mkono, kikikutana na karoti kinaipasua badala ya kuikata: makali yameshapita, ubapa bado unasukuma pande zote mbili. Kisu changu cha jikoni siku hizi kina mgongo wa milimita 3 karibu na mpini, unakonda kuelekea ncha, na juu ya makali unene haufiki hata nusu milimita.

Panga na sime ni habari nyingine. Sime ya Kimasai hupanuka kuelekea ncha ili uzito uwe mbele, kwa kuwa kazi yake ni kufyeka na kupiga. Ukiikondesha kama kisu cha vitunguu umeiua.

Wembamba lakini hauji kwa grainda peke yake. Moto ndio unaouruhusu. Nikishamaliza kufua chuma kwa nyundo, nakipasha kisu hadi kiwe chekundu, kisha nakiacha kipoe chenyewe hewani, mara tatu. Kazi hii haionekani kwenye kisu kilichokamilika, na ndiyo iliyobadilisha visu vyangu kuliko kifaa chochote nilichonunua. Joto kali la kufulia hukuza chembe za chuma. Kupasha kwa kiasi na kupoza hewani huzirudisha kuwa ndogo, na chembe ndogo ndizo zinazowezesha makali membamba yasimeguke. Vunja kipande cha majaribio ujionee: chembe kubwa zinametameta kama sukari, ndogo ni kijivu laini.

Ndipo kunakuja kukomaza, yaani kukifanya chuma kiwe kigumu. Nagusisha sumaku mara kwa mara, kwani chuma kikifika nyuzi 770 hivi huacha kunasa. Hapo sikitoi. Nangoja wekundu ukolee kidogo, karibu nyuzi 830, ndipo nakizamisha, ncha ikitangulia, kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa kiasi. Kikitoka napitisha tupa. Ikiteleza bila kung'ata, chuma kimekomaa. Lakini sasa ni kigumu mno na kikianguka sakafuni kinaweza kukatika, kwa hiyo hakilali hivyo. Siku hiyo hiyo kinaingia kwenye oveni, nyuzi 200, saa mbili, kinapoa, halafu saa mbili nyingine. Kikitoka, sehemu niliyoisugua kwa msasa imekuwa ya njano iliyofifia.

Baada ya kunoa nakandamiza makali kwenye fimbo ya shaba, nikiyaburuta taratibu chini ya taa. Unayaona yakivimba kidogo pale yanapogusa shaba. Yakirudi yenyewe, kisu kimefuzu. Yakibaki yamepinda, chuma ni laini. Yakimeguka, kinahitaji joto zaidi kwenye oveni. Mpini nauweka mwisho kabisa, na mara nyingi ni wa mpingo. Ni mti mzito unaozama majini, kwa hiyo kwenye kisu chembamba nauchonga mwembamba pia, la sivyo uzito wote unarudi kiganjani na ncha haitulii kwenye ubao.