Je, wajua kwa nini krimu hupungua ng'ombe anapolishwa pumba nyingi?

Mfugaji anayemwongezea ng'ombe wake pumba za mahindi na kumpunguzia majani huweza kuona maziwa yakiongezeka kidogo, huku krimu ikipungua na kinyesi kikilainika kama uji. Wengi hudhani pumba zimeharibika, kumbe kilichopungua ni nyuzinyuzi.

Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja selulosi, yaani sehemu kuu ya nyuzinyuzi za majani. Kazi hiyo hufanywa na bakteria waliomo katika tumbo lake la kwanza, ambao huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi kadhaa, iliyo nyingi zaidi ikiwa ni asidi ya asetiki, ileile iliyomo katika siki. Nayo ndiyo kiwele hutumia kutengenezea sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa. Wanga uliomo katika pumba, kwa upande wake, huchachuka upesi mno, na ukizidi, asidi hurundikana tumboni hadi bakteria hao kudhoofika.

Kinachozuia hali hiyo ni kucheua. Kila tonge linaporudi kinywani hutafunwa mara 50 hadi 60, na wakati wote huo mate hutiririka, zaidi ya lita 100 kwa siku, yakiwa na bikaboneti inayopunguza ukali wa asidi. Ndiyo maana urefu wa nyuzi una uzito sawa na wingi wake. Mashudu ya alizeti, kwa mfano, yana nyuzinyuzi nyingi, lakini kwa kuwa yamesagwa hayamfanyi ng'ombe acheue vya kutosha, na majani yanayopitishwa kwenye mashine hadi kuwa vumbi hupoteza faida hiyo hiyo. Ukitaka kujua hali ilivyo bila kupima chochote, watazame ng'ombe wakiwa wamepumzika: angalau nusu yao wanapaswa kuwa wanacheua.

Katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe wengi hufungiwa bandani, nyuzinyuzi hutoka kwenye majani ya tembo na gwatemala (nyasi ndefu za malisho), migomba, na mabua ya mahindi yanayopandishwa kutoka mashamba ya tambarare. Vyanzo hivi havilingani hata kidogo. Majani ya tembo yakikatwa yakiwa na urefu wa mita moja hivi huwa bado laini. Yakiachwa yarefuke sana, lignini, kile kitu kinachoufanya mmea uwe mgumu kama mti, huzifunga nyuzi hivi kwamba bakteria hawazifikii, na mnyama hushiba bila kupata nguvu. Mabua nayo yana hali hiyo tangu mwanzo, tena protini yake ni haba, hivyo hufaa kukatwakatwa na kuchanganywa na majani ya lukina au kaliandra, miti ya malisho yenye protini nyingi.

Kigogo cha mgomba ndicho kinachodanganya zaidi. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, kwa hiyo rundo linalojaza hori hubakiza chakula kikavu kidogo sana. Ng'ombe wa kilo 400 anayehitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku angeweza kuzipata kwenye kilo 60 za majani mabichi ya tembo, ilhali kwa vigogo pekee angelazimika kula zaidi ya kilo 120, mzigo ambao tumbo lake haliwezi kuubeba. Wakati wa kiangazi kigogo humsaidia ng'ombe kupata maji, lakini nyuzinyuzi za kucheua sharti zitoke kwenye nyasi kavu au mabua yanayowekwa pamoja nacho.