Degedege au Malaria: Jina la Ugonjwa na Njia Anayopelekwa Mtoto

Mwanaisimu wa Marekani Benjamin Lee Whorf, aliyefariki mwaka 1941, aliajiriwa na kampuni ya bima ya moto, na katika kazi hiyo alibaini kwamba watu waliojihadhari sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli walivuta sigara bila wasiwasi penye mapipa yaliyoitwa matupu, ilhali mvuke uliobaki ndani yake hulipuka kwa urahisi zaidi. Neno lilikuwa limewafichia hatari.

Hapa Dar es Salaam, sisi wa afya ya jamii tunakutana na jambo hilo kwa watoto. Mtoto akipata homa, mzazi huhisi ni malaria na kumpeleka zahanati, ambako kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa. Malaria hiyo hiyo ikiwa kali, mtoto hukakamaa, macho hugeuka, viungo hutetemeka, na jina hubadilika: sasa ni degedege. Jina likibadilika, chanzo kinachodhaniwa nacho hubadilika, kwa kuwa wengi katika ukanda wa Pwani wamekua wakisikia kwamba degedege huletwa na ndege wa usiku au shetani, na shetani hatafutiwi dawa zahanati. Linaloniumiza zaidi ni imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, wakati sindano ya artesunate ndiyo tiba inayopendekezwa kwa malaria kali.

Si haki kuwaita wazazi hawa wajinga. Wanafuata kwa makini maana waliyorithi. Wala lugha haimfungi mtu daima, kwani anayesema "malaria imempanda kichwani" ameshaunganisha homa na mtikisiko, na anajua aelekee wapi.

Degedege huweza pia kutokana na homa ya uti wa mgongo au kifafa, hivyo mtoto awahishwe hospitali kwa vyovyote vile. Alazwe ubavu, alegezwe nguo, na asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Watoa huduma wenzangu, mama akitaja degedege tusianze kumsahihisha; tumuulize imemshika mtoto mara ngapi, imechukua muda gani, na kama bado ananyonya. Tukimuuliza tu kama mtoto ana malaria, atajibu hapana kwa moyo safi, na mtoto aliyestahili kuonwa kwanza ataachwa kwenye foleni pamoja na wenye mafua.