Kadi ya kugusisha haiishi chaji, haijawahi kuwa nayo

Juzi asubuhi kwenye geti la ofisi moja hapa Dodoma, dada mbele yangu anagusisha kadi, mashine kimya. Anagusisha tena, kimya. Mlinzi, mzee wa watu, akamwambia kwa huruma kabisa, "Binti, hiyo imeisha chaji, hebu ianike juani kidogo." Na binti akaianika kweli, juu ya boneti ya gari. Mi nilikuwa nimechelewa nikapita zangu, ila moyoni nikasema leo naandika, maana hii ya kadi kuisha chaji nimeisikia mpaka kwa watu wa IT.

Haraka haraka: kadi ya kugusisha ni chipu ndogo kama punje ya mtama, imeunganishwa na waya mwembamba uliozungushwa raundi chache ndani ya plastiki. Basi, betri hakuna. Ile mashine ya ukutani nayo ina waya wake wa kuzunguka, inatengeneza uga wa sumaku (yaani eneo lenye nguvu ya sumaku) unaogeuka geuka mara milioni 13.56 kwa sekunde, kadi ikisogea hapo umeme unazaliwa kwenye waya wake, chipu inaamka, inajibu, ukiitoa inalala fofofo. Ni kitu kilekile alichoonyesha mwanasayansi Faraday mwaka 1831, na ndo kazi inayofanywa na transfoma ya mtaani kwenu kila siku. Ila sumaku hiyo inafifia haraka sana ukienda mbali, ndo maana unasogeza kadi mpaka sentimita chache, ikizidi kama 10 hivi sahau.

Sasa kinachoniuma ni hili neno chaji. Tumelitoa kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa, na huko lilikotoka maana yake ni kupakia mzigo, kama unavyopakia gunia kwenye mkokoteni. Simu imechajiwa, yaani imepakiwa, inatembea na mzigo wake. Rimoti ya gari hivyohivyo, ina betri ndani, hiyo ukisema imeisha sina ugomvi na wewe. Lakini kadi haijapakiwa kitu! Tena ukiangalia vizuri mambo yamegeuka, kadi yenyewe ndo mzigo, na anayeubeba ni mashine.

Na hapo ndo kuna utamu, kwa sababu watu wengine wanajua kadi haina betri afu bado wanasema "inatuma mawimbi kwa mashine". Haitumi, itume kwa nguvu ipi? We umewahi kukaa jirani na fundi wa kuchomelea mageti? Uko ndani kwako usiku, taa inafifia, inarudi, inafifia, inarudi, na hapo unajua fundi yuko kazini wala hajakupigia simu, umeme wenyewe umekupa taarifa. Kadi inafanya hivyohivyo. Chipu ikishaamka inawasha na kuzima kamzigo kadogo kwenye waya wake, ikifuata mpangilio wa namba zake, na kila ikiwasha mashine inasikia waya wake yenyewe umeelemewa kidogo, ikizima inapata ahueni. Hiyo elemewa-pumua, elemewa-pumua, kwa kasi ya biti (yaani sifuri au moja) laki moja na ushee kwa sekunde, ndo mazungumzo yote. Mashine inajisikiliza yenyewe inavyosumbuliwa. Mi kila nikiliwaza hili nacheka peke yangu.

(Hereni za kielektroniki za ng'ombe ni ukoo huohuo, ila sumaku yake inageuka taratibu, mara elfu 134 na kidogo. Ng'ombe anaishi nayo miaka na hakuna mchungaji aliyewahi kutafuta chaja.)

Saa saba nikatoka kula nikamkuta yule dada bado anahangaika. Nikaomba kadi. Ina tundu jipya ukingoni, siku moja kabla kaenda stesheneri wakamtobolea apitishe kamba ya shingoni. Nikaiweka juu ya tochi ya simu, na kwa kuwa plastiki yake ni nyeupe nyepesi tukaona mistari ya waya imezunguka kadi nzima pembeni, inafika kwenye tundu, inaishia hapo, upande wa pili inaendelea. Waya umekatwa, hakuna mzunguko, umeme hauwezi kuzaliwa. Hata ukiibandika kwenye mashine kwa gundi.

Kwaiyo mzee wangu wa getini, shikamoo tena. Sema "haisomi", sema "waya umekatika", hata "imekufa" nakubali. Ila juani usiwapeleke, lile boneti lilikuwa la moto na kadi ya dada wa watu imerudi imepinda kama kigae.