Siku kuzaliwa kwa mtoto kulipoitwa uchafu

Nimesoma na kufundisha historia ya sinema kwa miaka mingi, lakini sijaona uamuzi wa wakaguzi wa filamu wa New York, Marekani, unaonisumbua kama huu: kwamba mama akijifungua mbele ya kamera, huo ni uchafu.

Filamu yenyewe ni Mom and Dad ya mwaka 1945, iliyoongozwa na William Beaudine na kutembezwa mji kwa mji na mtayarishaji wake, Kroger Babb wa Ohio. Msichana anataka kujua habari za mwili wake, mama hataki kumwambia. Anakutana na rubani, anashika mimba, rubani anakufa katika ajali ya ndege. Mwalimu aliyethubutu kufundisha mambo hayo anafukuzwa kazi. Hadithi ya kawaida kabisa. Kilichozua kelele ni vipande vya kitabibu vilivyounganishwa humo: uzazi wa kawaida, uzazi wa upasuaji, na wagonjwa wa magonjwa ya zinaa.

Wakaguzi walipata wapi nguvu? Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya filamu ya Mutual, iliamua kwamba sinema ni biashara tu, haina kinga ya uhuru wa kusema. Kisha kanuni za Hollywood za 1930, zilizokazwa kuanzia 1934, zikapiga marufuku mada za elimu ya uzazi na magonjwa ya zinaa. Studio kubwa zikanyamaza, akina Babb, waliokuwa nje ya studio hizo, wakapata soko.

Na walilijua soko lao. Wanawake walikuwa na onyesho lao, wanaume lao. Katikati ya filamu taa zinawashwa, anapanda jukwaani "Elliot Forbes", mtaalamu wa afya. Mtu huyo hakuwapo duniani! Walikuwa wasemaji kadhaa waliozunguka miji mbalimbali kwa jina hilo moja. Akimaliza kuhutubia, vinauzwa vijitabu, cha wanaume mbali na cha wanawake mbali, na wanawake waliovaa sare za unesi wapo ukumbini.

Ulaghai ule siutetei. Lakini binti aliyenyimwa jibu nyumbani, shuleni na kwenye sinema za heshima, angeuliza wapi?

Mwaka 1952 Mahakama ya Juu iliutengua msimamo wake wa 1915. Mwaka 1956 mahakama ya rufaa ya New York ikatamka kwamba kuonyesha kuzaliwa kwa binadamu si uchafu. Filamu ilikuwa na umri wa miaka 11.