Draiva ya flashi kwenye U-Boot: yanayosemwa na ukweli wake

"Inafanya kazi, usiiguse." Hili nalisikia kuliko yote watu wanapoambiwa wabadilishe draiva ya zamani ya U-Boot (butiloda, yaani programu inayoiwasha bodi na kuipakia kerneli), na ndilo lenye madhara. Draiva ya zamani ya SPI NOR (aina ya chipu ya flashi inayohifadhi butiloda) hutumia anwani za baiti 3, ambazo mwisho wake ni MiB 16. Chipu ikiwa ya MiB 32, draiva hugeuza rejista ya benki (inayochagua kipande kipi cha MiB 16 kisomwe) ili kufikia nusu ya juu. Nimewahi kuhangaika na bodi iliyowaka vizuri kila nilipochomeka umeme, lakini nikibonyeza riseti wakati kerneli inasomwa, kimya: taa inawaka, kwenye siriali hakuna hata herufi moja. Pini ya riseti ya chipu haikuunganishwa popote, basi chipu ikabaki benki ya pili, na ROM ya prosesa (programu ya kwanza kabisa, iliyo ndani ya prosesa) ikaisaka butiloda mahali ambapo haipo.

Tangu toleo la 2019.04, U-Boot ina draiva iliyochukuliwa kutoka Linux. Chipu ikizikubali amri zenye anwani za baiti 4, draiva huzitumia hizo, na benki haiguswi, mradi `SPI_FLASH_BAR` haijawashwa. Chipu isiyozikubali bado hubadilishiwa hali, iwe ya anwani za baiti 4, na inaweza kubaki hivyo baada ya riseti, kwa hiyo unaposanifu bodi, pini ya riseti iunganishe. Nakusihi.

"Ukibadilisha draiva, data inafutika." Haifutiki, baiti zinabaki palepale. Kagua tu ukubwa wa sekta: ukiwa umepanga `saveenv` (amri ya kuhifadhi mipangilio ya U-Boot) ifute KiB 4 na draiva inafuta KiB 64 kwa mkupuo, itakataa.

"Draiva mpya ni nzito, haienei kwenye SPL." SPL ni kipande kidogo cha U-Boot kinachotangulia na kuipakia U-Boot yenyewe. Kuna chaguo la `SPL_SPI_FLASH_TINY`, inayosoma tu, bila kuandika wala kufuta. SPL haihitaji zaidi.

"Siku hizi SFDP inajieleza yenyewe, orodha ya chipu haina kazi." SFDP ni jedwali lililo ndani ya chipu, linaloeleza uwezo wake; orodha ni ya chipu zinazojulikana na draiva. Si hivyo. Katika matoleo mengi, draiva kwanza huomba kitambulisho kwa amri 0x9F na kukilinganisha na orodha. Kisipokuwemo, `sf probe` (amri ya kuitambua chipu) inakwama kabla jedwali la SFDP halijaguswa. Na kwenye mti wa vifaa (faili linaloorodhesha vifaa vya bodi), nodi ya chipu iandikwe `jedec,spi-nor`, la sivyo draiva haiioni.

"Ukikosea, bodi imekufa." Kabla ya kubadilisha, ibane chipu kwa klipu ya miguu 8, soma yote kwa CH341A (kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu) mara mbili, linganisha faili hizo mbili. Zikifanana, una pa kurudi.